Cheni ya Dresa Mathayo

Temeke, kwa mwanangu Zuhura, anayesafiri kesho.

Nakuandikia nikiwa bandani kwangu, alasiri, karatasi nimeiweka juu ya kiti cha pikipiki ya mtu. Wewe uko ndani, shangazi yako anakusuka, nasikia unavyolalamika kwamba anakung'oa nywele. Nimekaa hapa tangu swala ya adhuhuri nikijifanya nina kazi. Kazi sina. Spana nimezipanga, nimezipangua, nimezipanga tena. Mwishowe nikajionea haya, nikachukua kalamu.

Habari za baridi ya huko bara kwenye chuo chako cha ukunga, za chakula na za kuchagua marafiki, shangazi yako keshakumalizia zote, na nakujua, zimeingia sikio hili zikatokea lile. Mie sina la kuongeza humo. Nina jambo moja tu, na nitalisema hapa hapa juu, maana nikianza kulizungusha nitalikimbia. Najijua.

Mama yako hakufa kwa sababu ya ulevi wa Dresa Mathayo. Mathayo hakuwa amelewa. Alichelewa kwa kuwa cheni ya pikipiki yake ilikatika njiani, na cheni ile niliiunga mimi, kwa mikono hii. Nilijua siku ile ile. Nikanyamaza miaka kumi na mitatu, nikakuacha ukue ukimchukia mtu asiye na kosa.

Basi, imeshatoka. Kwa mwandiko huu niwie radhi. Sasa soma mpaka chini, Zuhura. Ukitaka kuichana, ichane ukishamaliza.

Ulikuwa na miaka sita, kwa hiyo unayoyakumbuka ni machache. Mengine umesimuliwa, na waliokusimulia nao walianzia kwenye uongo wangu. Ilikuwa miaka ya vita ile ya pili. Kila kitu kilikuwa kimekwenda vitani. Petroli kwa kibali, mpira wa gurudumu kwa kibali, grisi hata ya kunusa huipati, na cheni mpya ya pikipiki ilikuwa kitu cha kuota usingizini. Mafundi wa Temeke tulikuwa tunafufua maiti za vyuma. Nami nilikuwa hodari wa kufufua, tena nilikuwa najijua kuwa hodari, na watu walikuwa wananiambia.

Mathayo alikuwa dresa, mfunga vidonda na mchoma sindano wa zahanati moja ndogo, njia ya kwenda Kimbiji. Mtu wa bara, mrefu, mpole, mtu wa kanisani, kila Jumapili na kitabu chake cha nyimbo. Walimpa pikipiki kuukuu ya kuzungukia vijiji, imepita mikono ya watu mpaka rangi yake ya kwanza haijulikani. Watu wa pwani ile dawa zake walizitaka na salamu zake waliitikia, lakini mtu kuja huku peke yake, hana mke, hana ndugu, hasali nasi, walimtazama kwa jicho la pembeni siku zote. Kwangu alikuwa akija kutengeneza, tunakunywa kahawa, tunacheka mpaka machozi. Alikuwa rafiki yangu. Nimeandika neno hilo, nikalifuta, nimeliandika tena.

Cheni yake ilipokwisha kabisa, nilichukua cheni mbili mbovu, moja ya pikipiki ya jeshi iliyotupwa, nyingine sikumbuki ya nini. Nikakata kila moja pale palipokuwa na nafuu, nikaziunga nusu kwa nusu. Kisha nikaichemsha kwenye mafuta ya nazi. Usicheke. Grisi haikuwepo, na wengi wetu huku tulifanya hivyo: unabandika sufuria, unatia mafuta ya nazi na masizi kidogo, unatumbukiza cheni itokote, inatoka nyeusi, inang'aa, inanukia kama samaki wa kupaka. Mafundi wenzangu walikuja kuitazama. Mmoja akaniambia, "Selemani, we si mtu, we jini!" Kichwa kikavimba. Nilimkabidhi Mathayo pikipiki yake kifua mbele.

Mafuta ya nazi yanashika mchanga, mchanga unaila cheni, na njia zetu zote ni mchanga mtupu. Mafundi wote sie, watoto wa pwani tuliozaliwa na mafuta hayo kichwani, hakuna hata mmoja aliyelifikiria hilo.

Wiki ya tatu Mathayo akarudi.

"Fundi, inashtuka."

"Inashtuka vipi?"

"Nikiongeza moto haishtuki. Nikipunguza haishtuki. Nikienda mwendo mmoja tu, nimetulia, ndipo inaanza. Inanisukuma, inanivuta, inanisukuma. Kama mtu mwenye kwikwi."

Hapa nivumilie nikueleze kazi yangu kidogo, maana bila hivyo hutaelewa ukubwa wa kosa. Pikipiki kuukuu ikishtuka kwa mwendo mmoja, magonjwa yake si mengi. Labda petroli haifiki sawasawa, kabureta imeziba au inavuta hewa ubavuni. Labda plagi inakosakosa moto. Au labda ni cheni, mahali imelegea na mahali imekaza. Ukiongeza moto, injini inaivuta cheni, inakaza yote, kilema kinajificha. Ukipunguza, gurudumu nalo linaivuta, kinajificha tena. Ni pale usipoongeza wala kupunguza ndipo cheni inapata nafasi ya kulegea na kukaza, na ugonjwa wake unatokeza. Kuipima ni kazi ndogo mno. Unaisimamisha pikipiki, unazungusha gurudumu la nyuma polepole kwa mkono, unaigusa cheni kwa kidole, hapa, na hapa, na hapa. Ikicheza sana mahali pamoja na pengine haichezi kabisa, umeshampata mchawi wako. Kahawa kikombeni haijapoa umeshamaliza.

Sikuifanya kazi hiyo.

Nilifungua kabureta. Ikatoka takataka kidogo, na kabureta gani haina takataka? Nikamwonyesha kwenye ncha ya kidole. "Unamwona? Huyu ndiye adui yako." Akashukuru, akaenda. Baada ya siku nne karudi. "Bado, Fundi." Nikabadilisha plagi, nikapasugua panapotoka moto, nikaiwasha hapa hapa bandani, nikaipigisha kelele, ikaunguruma vizuri kabisa. Nikamkabidhi. Fundi mzima, sikuipanda hata mara moja kwenda nayo mpaka Mbagala na kurudi, nikahisi kwa makalio yangu anachokisema mwenye pikipiki. Niliisikiliza imesimama, na ugonjwa wake ulikuwa wa kwenda.

Mara ya tatu Mathayo alikuja na kikaratasi. Hiki kikaratasi, Zuhura, kinaniamsha mpaka leo. Alikuwa na ile saa yao ya kuhesabia mapigo ya moyo wa mgonjwa. Amekwenda njiani, kakaza mwendo mmoja, kahesabu mishtuko ya pikipiki kama anavyohesabu mapigo. Gia ya pili, kaandika. Mwendo ule ule, gia ya tatu, kaandika.

"Tazama, Fundi. Nilipobadili gia injini ilibadili mbio zake, lakini mishtuko imebaki ile ile. Basi labda si injini. Labda ni huku nyuma. Labda cheni."

Alikuwa amepatia. Hakuna fundi mjini hapa ambaye angepima vizuri kuliko vile. Palikuwa na watu wawili wamekaa kwenye benchi langu, wananitazama. Nami nikamjibu, "Dresa, we tibu watu. Vyuma niachie mie." Wale wakaangua kicheko. Naye akacheka nao, akakikunja kikaratasi chake akakitia mfukoni. Nikamfungulia kabureta tena, akaenda zake.

Nimejiuliza sana kwa nini. Si kwamba nilikuwa sijui. Yote niliyokueleza hapo juu nilikuwa nayajua kama ninavyoyajua leo. Lakini kila kitu kwenye pikipiki ile kilikuwa cha watu wengine, walikitengeneza wao huko kwao. Cheni tu ndiyo ilikuwa yangu. Ndiyo iliyonipa sifa. Nikakagua kila kitu isipokuwa kile nilichokitia mkono wangu. Siku moja utakuwa umemhudumia mwanamke, umesifiwa, umenawa mikono, naye atakuambia, "Nesi, kuna kitu hakiko sawa." Nakuomba uanze kutazama ulichokishika wewe, kabla hujakagua cha mwenzio. Si mawaidha haya, mwanangu. Mimi si mtu wa kumpa mtu mawaidha. Nakuonyesha tu shimo nililotumbukia.

Sasa siku yenyewe.

Mama yako alikwenda kwao Kimbiji kujifungulia kwa bibi yako, kama ilivyo desturi yetu, nawe akakuchukua. Mie nilibaki kwa ajili ya kazi. Alijifungua alfajiri, mtoto wa kiume, na mtoto hakulia. Kisha damu ikawa haikomi. Bibi yako akamtuma mtu kwa baiskeli kwa Mathayo, na dereva wa lori la nazi akaombwa aniletee habari mimi huku Temeke. Mathayo alikuwa anamfunga mtu kidonda. Akamwachia mwenzake, akatia sindano na dawa mkobani, akapanda pikipiki pale pale. Hakuchelewa kuondoka hata kidogo, hilo nimelithibitisha.

Mie habari ilinikuta kama saa tatu. Nikachukua baiskeli ya jirani bila hata kumwomba. Nilipopita zahanati wakaniambia Dresa keshatangulia zamani, nikamshukuru Mungu kwa sauti, nikaendelea kukanyaga. Mbele, pale njia inaposhuka kwenye mchanga mwingi kabla ya mikorosho, nikaiona pikipiki imelala ubavu. Mtu hayupo. Kuna damu kidogo mchangani, na vigae vya chupa, na harufu kali ya spiriti, ile ya kusafishia vidonda. Cheni imejisokota kwenye gurudumu la nyuma. Imekatikia pale nilipoziunga zile nusu mbili.

Hili linalofuata sijamwambia binadamu. Mke wangu anavuja damu huko mbele, kila dakika ina thamani yake, nami nilisimama. Nikapiga magoti, nikaing'oa ile cheni gurudumuni. Ilinikata vidole hivi viwili, kovu lile nililokuambia ni la bati. Nikaiviringisha, nikaitupa kichakani kwa nguvu zangu zote. Halafu ndipo nikapanda baiskeli. Sikujua kama mama yako yu hai au amekufa, na jambo la kwanza nililolifanya lilikuwa kuficha kazi yangu. Nimemwomba Mungu anifutie dakika zile kichwani. Bado zimo.

Nilipofika kilio kilikuwa kimeshaanza. Mwajuma wangu walikuwa wamekwisha mfunika, na mtoto pembeni yake. Nje, chini, mgongo ukutani, alikuwa amekaa Mathayo. Bega limeshuka, goti limevimba kama dafu, mkoba mapajani. Alikuwa ameutembea mchanga wote ule na mguu ule, amefika mama yako keshakata roho. Na alikuwa ananuka spiriti mwili mzima, maana alipoanguka chupa zilipasukia mkobani zikamlowesha nguo.

Unakumbuka ulichofanya? Ulikuwa unachota mchanga kwa mikono miwili, unamrushia usoni, unachota tena. Hakuna aliyekukataza. Mimi sikukukataza.

"Kalewa huyu! Njooni mmnuse!" watu wanasema. "Tulijua tu, watu wa bara hawa, pombe ndiyo maji yao."

Mathayo akasema, "Sijalewa. Cheni imekatika. Nendeni mkaitazame pikipiki."

Vijana wawili wakaenda kwa baiskeli. Walirudi jua limeshapinda.

"Pikipiki ipo. Cheni haipo."

"Haipo vipi?"

"Haipo. Hakuna hata kipande."

Basi ikawa balaa. Kumbe hata cheni kaipoteza njiani kwa ulevi wake, au kaiuza anywee, kila mtu na lake. Mjomba wa mama yako, mzee anayeheshimika pale, akanyamazisha watu, akanigeukia mimi mwenye msiba.

"Fundi, pikipiki hii wewe ndiye unayeitengeneza. Ilikuwa na ubovu?"

Mathayo akainua uso. Hakuwa na hasira. Alinitazama kama mtu anayengoja mwenzake ashike upande wa pili wa mzigo wainue pamoja.

"Fundi," akasema, "waambie."

Nikasema, "Nilimkabidhi nzima."

Walimtoa pale kwa mateke mpaka njiani, na mguu wake ule. Nikawaona, nikageuza macho, nikaingia ndani kulia, na kila mtu akanihurumia. Ikaandikwa barua kwa wakubwa wake, wakamwachisha kazi. Mguu haukunyooka tena. Na wewe ukakua na jina moja kinywani, Mlevi wa Kimbiji. Ukicheza na wenzio ulikuwa unawasimulia. Shangazi yako akitaka kukutisha usiwe mvivu, anakuambia utaolewa na Mlevi wa Kimbiji, mnacheka, nami niko pale pale nakula wali wangu. Sijui nilikuwa nameza vipi.

Miaka mitatu iliyopita tulikwenda Kunduchi kununua samaki wa sikukuu. Penye wauza samaki palikuwa na mtu mmoja anaparua samaki wa watu, amenyoosha mguu mmoja, kichwa kimeingia mvi. Shangazi yako akakugusa. "Huyo ndiye." Nilimwona kabla yenu na nilikuwa nimeshageuza njia, lakini nilichelewa. Ukamwendea, msichana wa miaka kumi na sita, ukasimama mbele yake ukatema mate chini, karibu na mguu wake ule. "Uliniulia mama," ukamwambia. Wanawake wa samaki wakaacha kuuza, wakatazama. Mathayo alinitazama mimi, mara moja, si kwa muda mrefu, akaendelea kuparua.

Ungejua nilivyotaka ardhi ipasuke. Na njia nzima ya kurudi shangazi yako anakusifu, mtoto ana uchungu na mamake huyu, nami nikakushika bega kama baba anayemwonea fahari mwanawe. Nilikushika ili nisianguke.

Pengine ningekwenda nalo kaburini, nakuambia kweli. Nilikuwa nimeshazoea. Mtu anazoea kila kitu, anakula, analala, anakwenda msikitini anasimama safu ya mbele. Kilichonivunja ni siku ile ya kuhojiwa kwako kwa ajili ya chuo. Yule bibi wa Kizungu, mkuu wa manesi, alikuuliza kwa nini unataka kuwa mkunga, nami nimekaa kwenye benchi ukutani na kofia yangu mkononi. Ukamwambia umekulia na msiba wa mama aliyeuawa na dresa mlevi, na umeapa kuwa mkali kwa watu wa namna ile popote utakapowakuta. Ulisema vizuri, bila kutetemeka. Yule bibi akaandika. Nikaona kwamba uongo wangu sasa unapewa kazi, unavikwa nguo nyeupe, unapelekwa kuwasimamia wagonjwa. Utakutana na dresa maskini aliyechelewa, anayenuka spiriti, na utamhukumu kabla hajafungua kinywa, kwa sababu yangu.

Juma lililopita nilikwenda Kunduchi peke yangu. Nilikuwa nimeshawahi kufika pale mara mbili huko nyuma nikarudia kwenye minazi. Safari hii nilifika. Alikuwa na ndoo yake ya samaki.

"Karibu, Fundi," akasema, kana kwamba tuliachana jana.

Nikakaa mchangani, nikamweleza yote. Cheni, kikaratasi chake, gurudumu, kichaka. Alinisikiliza huku mikono inafanya kazi. Nilipomaliza akaniuliza swali moja.

"Uliitupa upande gani?"

"Kulia. Kule kwenye vichaka vya kulia."

Akatikisa kichwa polepole. "Mimi niliitafuta kushoto. Siku nne nilitambaa pale na mguu wangu. Nilidhani ilikatika ikarukia kushoto."

Nikamwuliza lile nililoogopa miaka yote. "Dresa, ungewahi, Mwajuma angepona?"

Akalifikiri kwanza. Hakutaka kulijibu ovyo.

"Sijui. Sindano nilikuwa nayo. Wapo waliowahiwa wakafa, na wapo waliopona. Sitakudanganya ili ulale vizuri, wala sitakudanganya ili uumie."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Mtoto anajua?"

"Hajui."

"Basi hujasema bado, Fundi. Mimi nilikuwa najua. Umekuja kuniambia habari niliyoishi nayo." Akavuta samaki mwingine ndooni. Nikakaa kidogo, nikaondoka, na hakuniambia kwaheri wala sikustahili.

Ndiyo maana barua hii. Ijumaa inayokuja nitakwenda Kimbiji, baada ya swala nitasimama mbele ya wajomba wa mama yako niseme kama nilivyokuandikia. Watakachonifanya watanifanya. Bibi yako amekwisha kufa akiamini uongo, hilo siwezi kulirudisha. Kwa wakubwa wa zahanati nitapeleka barua pia, ingawa wengi wa wakati ule wameshaondoka na sidhani mtu atajali habari ya dresa mmoja. Mathayo ukitaka kumwandikia, anakaa nyuma ya wauza samaki pale Kunduchi, na anasoma vizuri kuliko mimi. Usipotaka, usimwandikie kwa sababu nimekuambia. Hata hilo sina haki ya kukuagiza.

Yule mama uliyemlilia miaka yote alikuwa na mumewe aliyempenda, hilo ni kweli, usije ukalitilia shaka pamoja na mengine. Nilimpenda. Nikaogopa kuonekana fundi mbovu kuliko nilivyoogopa kumkosa, na sijui niyaweke wapi maneno hayo mawili yakae pamoja. Wewe nawe nimekupenda hivyo hivyo, kwa mkono mmoja nakulisha na kwa mwingine nakuficha kitu. Msamaha sikuombi humu. Karatasi ni mahali pa kujificha, na nimejificha ya kutosha.

Nilikuwa nimepanga nikupe bahasha hii kwenye dirisha la gari moshi, gari likishaanza kwenda, ili nisiuone uso wako. Wiki nzima nimejipangia hivyo, mpaka leo mchana. Nimebadili. Nitakupa kesho asubuhi, hapa nyumbani, kabla ya chai, na nitakaa kwenye kigoda mbele yako mpaka umalize kuisoma. Niulize lolote. Ukitaka kunitukana, nitukane, shangazi yako nitamwambia asikuingilie. Ukinyamaza, nitanyamaza nawe. Jirani yetu Hamisi nimemwomba aje mapema na mkokoteni wake, sikumwambia sababu. Ikiwa hutataka mkono wangu uguse sanduku lako, yupo wa kulibeba mpaka stesheni, na mimi nitabaki hapa.

Baba yako,
Selemani